George Eastman: karani wa benki aliyeitia kamera mikononi mwa watu wote

Katika mtaa wa Flemingdon Park jijini Toronto, Canada, zimesimama ghorofa ndefu zilizoanza kujengwa zaidi ya miaka sitini iliyopita. Leo wakazi wake wengi ni watu waliotoka mbali: Asia ya Kusini, Ufilipino, Afghanistan, Pembe ya Afrika, na wachache wetu tuliokulia kwenye lugha ya Kiswahili.

Katika ghorofa mojawapo anaishi mzee mmoja mstaafu ambaye hupiga picha kwa mapenzi tu, bila malipo. Rafu ya sebuleni mwake imejaa kamera kuukuu alizozinunua moja moja kwenye minada na maduka ya mitumba. Asubuhi kukiwa na jua huteremka na mojawapo, akapiga picha za mambo ambayo wengine hupita bila kuyatazama: watoto wakingojea basi la shule, theluji iliyochafuka kando ya njia, akina mama wakirudi na mifuko ya soko.

Kamera aipendayo zaidi ni kisanduku cheusi cha karatasi ngumu, kinachoitwa Brownie nambari 2. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1901. Haina betri, haina kipima mwanga, na mtu hawezi kurekebisha karibu chochote. Kuna kijiti cha kusukuma kwa kidole na ufunguo wa kuzungushia filamu, basi.

Kando ya mtaa huo inapita barabara ya Eglinton. Ukiifuata kuelekea magharibi, ukavuka jiji, utafika Mount Dennis, ambako kilima kizima kiliitwa Kodak Heights. Kampuni ya Kodak iliyosajiliwa Toronto mwaka 1899 ilihamishia kiwanda chake huko katika muongo wa pili wa karne ya 20, na watu wa eneo hilo wakakitegemea kwa vizazi kadhaa hadi kilipofungwa mwaka 2005. Jengo moja tu limesalimika, na sasa limeunganishwa na stesheni ya reli.

Aliyekianzisha kilima hicho, na kisanduku hicho cheusi, alikuwa yeye mwenyewe mpiga picha wa ridhaa.

Mtoto wa mjane

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai mwaka 1854 katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York nchini Marekani. Baba yake alikuwa na chuo cha kufundisha biashara katika mji wa Rochester, lakini alifariki mwaka 1862, na mama, Maria Kilbourn, akalazimika kupangisha vyumba vya nyumba yake ili watoto wapate kula. Dada mmoja wa George alikuwa amepooza, naye akafa mwaka 1870.

Kijana aliacha shule kabla ya wakati na kuwa tarishi katika ofisi ya bima, kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Mwaka 1874 alipata kazi ya ukarani wa hesabu katika benki ya akiba ya Rochester. Ilikuwa kazi ya heshima, na wengi wangeridhika nayo.

Mwaka 1877 alikusudia kusafiri hadi Santo Domingo, katika visiwa vya Karibea, na rafiki akamshauri achukue kamera ili arudi na kumbukumbu ya safari. Eastman akanunua vifaa, kisha akamlipa mpiga picha wa mji huo dola 5 amfundishe kuvitumia.

Kupiga picha wakati huo kulikuwa karibu sawa na kuhamisha nyumba. Kamera ilikuwa sanduku zito, na iliambatana na stendi ya miguu mitatu, vioo, chupa za dawa, chombo cha maji na hema la giza. Kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikapigwa picha kikiwa bado kibichi, kikasafishwa kabla hakijakauka. Aliyechelewa dakika chache alipoteza kazi yote.

Santo Domingo hakwenda. Hobi ilikwisha kumteka.

Usiku jikoni

Eastman alisoma katika gazeti la Kiingereza la wapiga picha kwamba Waingereza walikuwa wameanza kupaka vioo dawa iliyochanganywa na jelatini, ikakauka na bado ikafanya kazi siku nyingi baadaye. Mchana akawa benki, usiku akawa jikoni kwa mama yake akichemsha michanganyiko. Mara nyingi usingizi ulimchukua sakafuni karibu na jiko, na nguo za kazi mwilini.

Mwaka 1879 alikwenda London kuomba hataza ya mashine ya kupaka vioo dawa, na mwaka uliofuata akapata hataza ya Marekani. Mwaka 1881 aliungana na Henry Strong, mfanyabiashara aliyekuwa mpangaji wa mama yake, wakaunda kampuni. Mwaka huo huo akaiaga benki.

Mwaka 1882 vioo vilivyokwisha kuuzwa vilianza kufa: wateja walipiga picha na kuona ukungu mtupu. Kampuni ilikuwa changa, na fedha hazikuwapo. Eastman alivirudisha vyote, akalipa hasara, akasimamisha kiwanda na kufanya majaribio kwa mamia bila kuipata kasoro. Hatimaye ilibainika kwamba ubaya ulikuwa katika jelatini aliyouziwa. Sababu yenyewe ilijulikana miaka zaidi ya 40 baadaye, pale mtaalamu wa kampuni hiyo, Samuel Sheppard, alipogundua kwamba dawa ilipata nguvu kutokana na chembechembe za salfa zilizomo katika jelatini. Ng'ombe aliyekula mimea ya jamii ya haradali alitoa jelatini nzuri. Kwa hiyo picha za ulimwengu mzima zilitegemea malisho ya ng'ombe, na hakuna aliyejua.

Jina lisilo na maana

Kioo kilikuwa kizito na chepesi kuvunjika. Eastman alitaka kitu cha kuviringishwa, na mwaka 1888 akatoa kamera ndogo yenye ukanda wa picha 100. Bei yake ilikuwa dola 25. Aliipa jina la kubuni, Kodak, neno lisilo na maana katika lugha yoyote, fupi, lisilokosewa kutamkwa. Herufi K aliipenda. Ndiyo iliyoanza ukoo wa mama yake.

Mteja alipozimaliza picha zake aliituma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Kiwanda kilisafisha picha, kikatia ukanda mpya, kikamrudishia. Matangazo yake yaliahidi kwamba mnunuzi hana kazi nyingine ila kubonyeza, mengine yote yatafanywa na kampuni.

Hapo ndipo lilipo jambo ninaloliona kubwa katika maisha ya mtu huyu. Aliigawa kazi ya picha mapande mawili. Lile la kutazama na kubonyeza akawapa watu. Lile la chumba cha giza, la dawa na subira, ambalo yeye mwenyewe lilimnyima usingizi na kumpa raha, akalifungia kiwandani na kulitoza ada. Mamilioni walipata picha kwa mpango huo. Wachache sana walijua tena picha hutokeaje.

Mwaka 1889 ukanda wa karatasi ulifuatiwa na filamu angavu, iliyotengenezwa na mkemia wake Henry Reichenbach. Lakini kasisi mmoja wa mji wa Newark, Hannibal Goodwin, alikuwa ameomba hataza ya filamu ya namna hiyo tangu mwaka 1887. Alizungushwa miaka 11 kabla ya kuipata, na akafa mwaka 1900 pasipo kuifaidi. Mwaka 1914, baada ya kesi ndefu, Kodak ilikubali kulipa dola milioni 5 kwa waliorithi haki hiyo. Mwaka uliofuata mahakama ya Marekani iliamua kwamba kampuni ilikuwa imehodhi biashara kinyume cha sheria. Wanaomsifu Eastman kwa ukarimu wake hulipita haraka jambo hili, na si haki.

Brownie ya kwanza ilitoka mwaka 1900, ikiwa imeundwa na Frank Brownell. Iliuzwa kwa dola 1, na filamu kwa senti 15. Jina lilitokana na vijitu vya hadithi za watoto vilivyochorwa na Palmer Cox, mzaliwa wa Granby, Quebec, hapa hapa Canada. Zaidi ya 150,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza. Kuanzia hapo mtoto wa shule aliweza kumpiga picha bibi yake akipepeta nafaka, bila kumwita fundi na bila bibi kuvaa nguo za sikukuu.

Pwani yetu neema hiyo ilichelewa. Kwa miaka mingi picha kwetu ilibaki kitu cha studio, chenye pazia lililochorwa na kiti cha kukodi. Mtu alikwenda kupigwa picha siku ya Idi au alipotafuta kitambulisho. Mimi mwenyewe niliondoka kwetu kwa haraka, nikiwa na picha tatu ndani ya kitabu. Zote tatu ni za studio. Sina hata moja ya jikoni kwa mama yangu, na nyumba yenyewe haipo tena.

Safari ya Kenya

Eastman hakuoa. Mama yake alipofariki mwaka 1907, mtu huyo aliyejulikana kwa ukavu wa uso alilia siku nzima. Alibaki katika jumba kubwa la Rochester, ambako mpiga kinanda aliajiriwa kupiga muziki wakati yeye akila kifungua kinywa.

Mali aliigawa akiwa hai: chuo kikuu cha Rochester, shule ya muziki, hospitali za meno za watoto hadi London na Rome, vyuo vya Wamarekani weusi vya Tuskegee na Hampton. Chuo cha teknolojia cha Massachusetts alikipa mamilioni kwa miaka mingi akijificha kwa jina la Smith.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 71, alikuja Kenya kuwinda. Alifuatana na wapiga filamu mashuhuri Martin na Osa Johnson, waliokuwa na kambi katika ziwa walilolipa jina la Paradise, Marsabit. Mzee alipenda kupika, na kambini aliingia jikoni mwenyewe. Alikuwepo pia Carl Akeley, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York kwa msaada wa fedha za Eastman. Akeley alifariki Novemba mwaka huo huo kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Congo, akazikwa huko.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha kifaru. Eastman alikuwa akimpiga filamu kwa kamera ya mkononi, mnyama akamgeukia na kumjia kwa kasi. Mzee hakuondoa jicho kwenye kamera mpaka kifaru alipoangushwa kwa risasi, hatua chache tu mbele yake. Alirudi Afrika mara ya pili mwaka 1928, akipitia njia ya mto Nile. Kichwa cha ndovu kilitundikwa katika ukumbi wa nyumba yake, nayo nyumba hiyo sasa ni makumbusho ya upigaji picha.

Katika picha za safari za zama hizo wapagazi na wapishi wamo, wamesimama pembeni au nyuma ya mzoga, mara nyingi bila majina. Kamera rahisi ilikuwa imeshakuja hadi mlangoni mwao, ila haikuwa mikononi mwao. Hata ilipowafikia wajukuu wao, haikuwa imewafikiria. Lorna Roth, msomi wa chuo kikuu cha Concordia mjini Montreal, ameandika jinsi maabara za rangi zilivyopima usahihi wa picha kwa kadi ya mwanamke mweupe, hivyo kwamba nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno. Hayo yalikuja baada ya Eastman kufa, lakini yalitoka katika nyumba aliyoijenga.

Miaka yake ya mwisho uti wa mgongo ulimtesa. Kutembea kukawa shida, kusimama kukawa maumivu. Tarehe 14 Machi mwaka 1932, akiwa na miaka 77, alijiua nyumbani kwake kwa risasi, akiwaachia rafiki zake barua fupi. Majivu yake yalizikwa Rochester katika eneo la kiwanda.

Kodak ilidumu. Mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, lakini kampuni iliendelea kuegemea filamu, na Januari mwaka 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Filamu ya nambari 120, iliyobuniwa kwa ajili ya Brownie nambari 2, bado inatengenezwa, na ndiyo maana kisanduku cha mzee wa Flemingdon Park kinafanya kazi hadi leo. Nyingine katika rafu yake zilitaka filamu ya 620, iliyosimamishwa mwaka 1995. Kwa hizo huingia bafuni, akazima taa, akaihamisha 120 kwenye kigurudumu cha 620 kwa kupapasa, kwani filamu ni ile ile na tofauti ni kigurudumu tu.

Kusafisha picha pia hufanya mwenyewe, katika bafu hilo hilo, akipima dawa kwa kikombe na kuhesabu dakika kwa saa ya mkono. Nilimwuliza kwa nini asipeleke dukani. Alicheka tu, akanipa taulo niziibe mwanga wa chini ya mlango. Roli moja hutoa picha nane. Ile ya siku hiyo ilitoa tano nzuri, na katika mojawapo kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya chini akichambua mchele kwenye sinia, mlango wa jikoni ukiwa wazi.