Pierre Bouguer na Siri ya Chombo Kupinduka

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mashua iliyojaa watu hupinduka, aghalabu hujibu kwamba imelemewa na uzito. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili tuliachiwa na Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye ni nadra mno kutajwa madarasani mwetu.

Alizaliwa mwaka 1698 katika bandari ya Le Croisic, ambako babake alifundisha elimu ya ubaharia. Mzee huyo alipofariki mwaka 1714, kijana aliirithi kazi hiyo. Zama hizo waundaji waliongozwa na mazoea. Mwaka 1628 merikebu ya kifalme ya Uswidi, Vasa, ilizama bandarini Stockholm katika safari yake ya kwanza. Haikuwako hesabu ya kuwatahadharisha kwamba uzito wake umekaa juu mno.

Mwaka 1735 Bouguer alitumwa pamoja na wenzake kwenda Quito, ambayo leo imo nchini Ekuador, kupima umbo la dunia karibu na ikweta. Ajabu ni kwamba huko milimani, mbali na bahari, ndiko alikoandika sehemu kubwa ya kitabu chake kuhusu merikebu, kilichochapishwa mwaka 1746.

Hoja yake ilikuwa hii. Uzito wote wa chombo huvuta chini kana kwamba umekusanyika katika nukta moja, yaani kitovu cha uzito. Maji nayo hukisukuma juu kupitia kitovu cha ile sehemu iliyozama. Chombo kikilala upande, kitovu hiki cha pili husogea upande huo huo. Ukichora mstari wima kutoka hapo, utaukata mstari wa katikati ya chombo katika nukta ambayo Bouguer aliiita metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo hujiinua; ikiwa chini yake, hupinduka.

Kumbe basi abiria walioketi salama waweza kuiangamiza mashua kwa kusimama tu. Uzito haujaongezeka hata ratili moja. Kitovu chake ndicho kilichopanda. Manahodha wa pwani yetu, wanaotia farumi chini kabisa ya jahazi, walilijua hilo kwa uzoefu. Bouguer alimpa mwundaji njia ya kulikokotoa kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Alifariki mjini Paris mwaka 1758. Hesabu yake ingali ikitumika katika viwanda vya kuundia meli.