Caroline Herschel: Dada wa Jikoni Aliyezijua Nyota



Juzi nilikuwa naosha vyombo huku kaka zangu wakiangalia mpira sebuleni. Silalamiki (haya, nalalamika kidogo), ila nikamkumbuka Caroline Herschel. Leo nataka niwasimulie habari zake.

Alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 16 Machi 1750, katika familia ya Kilutheri. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Caroline akiwa bado mdogo sana aliugua ndui, ikamwachia makovu usoni. Alipofika miaka 10 akashikwa na taifasi. Alipona, lakini hakurefuka tena: alibaki na kimo cha kama sentimita 130 maisha yake yote. Baba akamwambia wazi kwamba asitegemee kuolewa, maana hana sura wala mali. Hebu fikiria kuambiwa hivyo na baba yako mzazi! Na kumbe baba huyo alimpenda kweli. Ndiye aliyemtoa nje usiku wa baridi kali kumwonyesha makundi ya nyota, na mama alipokuwa hayupo karibu akamfundisha muziki kidogo kidogo. Mama, yeye alishaamua: wavulana wasome, huyu afume soksi na kushika jiko. Baba alifariki 1767, na jiko likawa ndiyo maisha.

Mwaka 1772 kaka yake William, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Bath, Uingereza, akaja kumchukua. Mama hakukubali hivi hivi. Ilibidi William aahidi kutuma fedha za kumlipa mtumishi atakayeziba pengo. Yaani binti akatoka nyumbani kwa bei ya mshahara wa dada wa kazi.

Kule Bath aliimba sauti ya kwanza, na wanakwaya mtanielewa nikisema alisimama kuimba peke yake katika Messiah ya Handel. Alipata hata mwaliko wa kwenda kuimba Birmingham, akakataa, kwa sababu hakutaka kuimba chini ya mwongozaji mwingine isipokuwa kaka yake. Lakini William alishashikwa na nyota. Nyumba ikageuka karakana ya darubini. Siku moja alisugua kioo saa 16 bila kuondoa mikono, na Caroline akawa anamlisha tonge baada ya tonge. Kalibu za vioo zilitengenezwa kwa samadi ya farasi, na yeye alikuwa miongoni mwa walioitwanga na kuichekecha. Tarehe 13 Machi 1781 William akagundua sayari ya Uranus, mwaka uliofuata Mfalme George III akampa mshahara wa pauni 200, na muziki ukaishia hapo. Hapa mimi huwa nasita kidogo. Caroline alikuwa na kipaji chake mwenyewe cha kuimba. Sijui kama kuna aliyemuuliza anataka nini.

Kazi ilikuwa ya usiku. William yuko juu kwenye darubini, anataja anachokiona. Caroline yuko chini na taa na saa, anaandika. Mchana anapiga hesabu zote. Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kushika tebo kichwani! Alikuwa na karatasi ya tebo anachungulia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, akikimbia kwenye theluji, alianguka juu ya ndoano ya chuma ikamchoma mguu juu ya goti. Walipomnasua, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoano. Alijitibu mwenyewe, akarudi kazini.

Mwaka huohuo William alimtengenezea darubini ndogo ya kwake. Tarehe 1 Agosti 1786, kaka akiwa safarini Ujerumani, Caroline akaona kitu kikisogea kati ya nyota. Ilikuwa kometi, ile nyota yenye mkia. Hadi 1797 alikuwa ameona kometi nane. Ile ya mwisho alipanda farasi kwenda kuitangaza Greenwich, zaidi ya kilomita 30, akiwa amelala saa moja tu. Tangu 1787 mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna mwanamke Uingereza aliyewahi kulipwa kwa kazi ya sayansi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na fedha yake mwenyewe, na alikuwa na miaka 37.

Halafu 1788 William akaoa. Caroline akahama, akapanga vyumba nje, akawa anakuja kazini kama mtumishi yeyote. Alichoandika kwenye shajara yake kuhusu miaka kumi iliyofuata hatukijui, kwa sababu baadaye alikiharibu chote. Zamani nilikuwa natamani kurasa zile zingepona. Sasa naona afadhali. Yeye na wifi yake Mary walikuja kupendana sana, na barua zake za uzeeni zinaonyesha hivyo. Nani angependa hasira zake za miaka kumi zisomwe na watu wasiomjua?

Katika miaka hiyohiyo ya ukimya aliipitia orodha ya nyota ya John Flamsteed, akasahihisha makosa na kuongeza nyota zaidi ya 550 zilizosahaulika. Royal Society iliichapa 1798.

William alifariki 1822. Caroline akarudi Hanover, akapanga upya nebula zipatazo 2,500 ili mpwa wake, John, mtoto wa William, aweze kuzitafuta tena. Kwa kazi hiyo alipewa medali ya dhahabu ya Royal Astronomical Society mwaka 1828. Mwanamke aliyemfuata kuipata, Vera Rubin, aliipata 1996. Hesabuni wenyewe.

Alifariki tarehe 9 Januari 1848, akiwa na miaka 97. Kwa ombi lake, ndani ya jeneza waliweka vitu viwili: kishungi cha nywele za William, na kalenda kuukuu iliyokuwa ya baba yake.