Storey, aliyekamata ugonjwa wa muhogo bila kukiona kirusi chake

Muhogo unaweza kusimama shambani vizuri tu, mkulima akaanza kuhesabu magunia kichwani, halafu siku ya kung'oa akikata anakuta ndani kumeoza, kahawia na kukauka kama gome. Kwa familia ya Mpanda inayoegemea ugali wa muhogo mahindi yakigoma, hiyo siyo hasara ndogo. Aliyeueleza ugonjwa huo kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ni Harold Haydon Storey.

Mwingereza huyo, mzaliwa wa 1894, alianza kupata jina Afrika Kusini kwa ugonjwa wa milia ya mahindi, kisha akaja kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika. Huko ndiko alikofanya jambo linalokumbukwa zaidi: alichukua vidudu vya mahindi visivyoweza kueneza ugonjwa, akavitoboa utumbo kwa sindano nyembamba, navyo vikaanza kueneza. Na vidudu vyenyewe ni vya milimita chache tu!

Kwenye muhogo alitumia njia rahisi zaidi. Alipandikiza kipande cha mmea mgonjwa kwenye mzima, na mzima ukaugua. Hakukiona kirusi, ila alijua kipo. Yeye na mwenzake Nichols wakaanza kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira, kutafuta aina zinazohimili.

Storey alifariki 1969, kabla hakuna aliyesoma jeni za kirusi hicho. Leo inajulikana ni kirusi cha RNA chenye herufi kama 9,000 tu. Kikiingia kwenye seli ya muhogo, mitambo ya mmea wenyewe inakitengenezea protini moja ndefu, ambayo hukatwa vipande 10. Kimoja, NIb, ndicho fundi wa kunakili RNA. Bila hicho kirusi hakizaliani. Kingine hutengeneza ganda. Cha ajabu ni Ham1, ambacho ndugu wengi wa kirusi hiki hawana, na kinahusishwa na majani kukauka.

Storey alishuku pia kwamba inzi weupe ndio wanaosambaza ugonjwa. Majaribio yalithibitisha hilo mwaka 2005, miaka 36 baada ya kifo chake.