Aby Warburg: Mtoto wa benki aliyechagua kusoma picha

Kijana akisema anataka kwenda chuo kikuu kusomea historia ya sanaa, swali la kwanza nyumbani huwa moja: hiyo itakulisha? Leo, msikilizaji, tunamwangalia mtu ambaye kwao chakula hakikuwa shida, lakini uchaguzi wake uliwashangaza watu wake vilevile.

Aby Warburg alizaliwa mwaka 1866 mjini Hamburg, Ujerumani, mtoto wa kwanza kati ya saba katika familia ya Kiyahudi. Ukoo wao ulimiliki benki tangu mwaka 1798, na kwa desturi mzaliwa wa kwanza ndiye angeishika. Familia husimulia kwamba Aby akiwa na miaka 13 alimwachia mdogo wake Max haki hiyo, kwa sharti kwamba Max amnunulie kila kitabu atakachohitaji maishani. Max, mwenye miaka 12, alikubali. Hakujua deni hilo lingefika wapi.

Mwaka 1886 Aby alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Bonn, kisha akaendelea Strasbourg. Tasnifu yake ilihusu michoro miwili ya Botticelli, mchoraji wa Italia wa karne ya 15. Wengine waliangalia uzuri wa sura. Yeye aliuliza kwa nini nywele na nguo za wanawake wale zinapeperuka kana kwamba upepo unavuma. Alionyesha kwamba namna hiyo ya kuchora ilitoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale, ikafufuka baada ya mamia ya miaka. Kwake yeye picha husafiri na hubeba kumbukumbu, kama methali zinavyopita kinywa hadi kinywa.

Mwaka 1895 alikwenda Marekani, na katika safari hiyo akatembelea jamii za wenyeji, wakiwemo Wahopi, wakulima wa nchi kavu. Huko alijifunza jinsi walivyochora nyoka kuwa mfano wa radi, na jinsi ngoma zao zilivyohusiana na kuomba mvua.

Kisha yakaja majaribu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikusanya habari za vita usiku na mchana. Mwaka 1918 akili yake ilivurugika, akaamini kwamba yeye na familia yake wako katika hatari kubwa. Alilazwa hospitalini kwa miaka kadhaa, mwishowe mjini Kreuzlingen, Uswisi. Tarehe 21 Aprili 1923 alisimama mbele ya madaktari na wagonjwa wenzake akatoa mhadhara kuhusu nyoka na Wahopi, ili aonyeshe kwamba bado anaweza kufikiri na kufundisha. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani.

Mwaka 1926 jengo jipya la maktaba yake lilifunguliwa Hamburg. Vitabu havikupangwa kwa herufi, bali kwa ujirani: kitabu unachokitafuta kikae karibu na kile usichojua kwamba unakihitaji. Siku zake za mwisho alizitumia kubandika picha kwenye mbao kubwa zilizofunikwa kitambaa cheusi. Michoro ya mabwana wakubwa ilikaa pamoja na stempu, matangazo ya biashara na picha za magazeti. Kwake, hata stempu ndogo ilistahili kusomwa. Alifariki Oktoba 1929 kabla ya kuimaliza kazi hiyo.

Miaka minne baadaye Wanazi walishika madaraka, na maktaba ya Myahudi haikuwa salama tena. Wenzake, Fritz Saxl na Gertrud Bing, waliihamisha. Desemba 1933 meli mbili ndogo zilibeba vitabu wapatao 60,000 hadi London. Tangu mwaka 1944 maktaba hiyo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa historia ya sanaa wanaitumia hadi leo.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akikuambia anataka kusoma picha, usimkatize haraka. Chukua noti iliyo mfukoni mwako, itazame pande zote mbili, kisha mwulize: nani aliichagua picha hii, na alitaka sisi tukumbuke nini? Akianza kukujibu, masomo yake yameanza.