Colin Chapman na Gari Lenye Chesisi Mbili

Katika historia ya mbio za magari ya langalanga, ni wahandisi wachache waliowasumbua watunga kanuni kama Colin Chapman, Mwingereza aliyezaliwa Mei 19, 1928 mjini Richmond na kusomea uhandisi wa miundo jijini London. Gari lake la kwanza la mashindano alilitengeneza mwaka 1948 kutokana na Austin 7 kuukuu. Miaka minne baadaye akaanzisha kampuni ya Lotus.

Imani yake ilikuwa wepesi. Lotus 25 ya mwaka 1962 iliachana na fremu ya mabomba, bodi likajibeba lenyewe, na Jim Clark akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1963. Lakini wepesi ulikuwa na gharama. Mwaka 1969, jijini Barcelona, mabawa marefu ya Lotus, yaliyosimikwa juu ya nguzo nyembamba, yalivunjika katika mbio moja, na magari ya Graham Hill na Jochen Rindt yakapata ajali mbaya. Muda mfupi baadaye mabawa hayo yalipigwa marufuku. Msimamo ukawa kwamba kiungo chochote kinachoongoza upepo kifungwe imara kwenye sehemu ya gari inayobebwa na springi, wala kisisogee.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kumnasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Chapman na wahandisi wake waligeuza sehemu ya chini ya gari kuwa kama bawa lililopinduliwa, likilivuta gari kuelekea barabarani. Mario Andretti akawa bingwa mwaka 1978. Kasi ya kwenye kona ikatisha, na kufikia mwaka 1981 shirikisho la kimataifa lilikuwa limekataza sketi za pembeni zinazoteleza, na kuamuru gari liwe na nafasi ya sentimita 6 kutoka ardhini. Timu ya Brabham ilijibu kwa springi zilizolilaza gari likiwa kasini na kuliinua tena lilipopunguza mwendo ili lipimwe. Wakaguzi walilalamikiwa, lakini wakaliruhusu.

Jibu la Chapman lilikuwa Lotus 88, gari lenye chesisi mbili. Ya ndani ilimbeba dereva na injini kwa springi laini. Ya nje, yenye bodi, ilipeleka mgandamizo wa upepo moja kwa moja kwenye magurudumu. Alidai kuwa zote mbili zilikuwa na springi, hivyo zote zilikuwa chesisi halali. Wapinzani waliona bodi linalosogea tu. Gari lilizuiwa Long Beach mwezi Machi 1981. Julai, huko Silverstone, Waingereza waliikubali nakala iliyorekebishwa, shirikisho likatengua uamuzi huo. Ni vigumu kueleza kwa nini ujanja wa Brabham ulipita na huu ukakwama, ingawa kwa maandishi ya kanuni wapinzani walikuwa na hoja.

Chapman alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Desemba 16, 1982, akiwa na umri wa miaka 54, huku maswali kuhusu fedha za kampuni ya magari ya DeLorean yakianza kumkaribia. Siku hiyohiyo timu yake ilikuwa ikijaribu gari jipya la langalanga, ambalo springi zake ziliongozwa na kompyuta.