William Gemmell Cochran

William Gemmell Cochran (Rutherglen, Uskoti, 15 Julai 1909 – Orleans, Massachusetts, Marekani, 29 Machi 1980) alikuwa mwanatakwimu anayejulikana, pamoja na mengine, kwa mbinu za kuchambua majibu ya "ndiyo" au "hapana" katika utafiti wa tiba.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya mfanyakazi wa reli. Alisoma hisabati Glasgow, kisha Cambridge. Mwaka 1934 aliacha masomo ya uzamivu ili kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1939 alihamia Marekani, akafundisha Iowa, North Carolina, Johns Hopkins na, kuanzia 1957, Harvard.

Kipimo cha Q

Mtu mmoja akipimwa mara kadhaa, majibu yake huelekea kufanana. Anayeyahesabu kana kwamba yametoka kwa watu tofauti hupata jibu lisiloaminika. Mwaka 1947 Quinn McNemar alitoa njia ya kulinganisha vipimo viwili vya namna hiyo. Mwaka 1950 Cochran aliipanua ili ifae vitatu au zaidi.

Mfano wake ulihusu sampuli 69 zilizochukuliwa kooni. Kila moja iliwekwa katika aina 4 za lishe ya kuoteshea bakteria wa dondakoo, ili kujua ipi ni bora. Katika sampuli 59 hakuna kilichoota popote. Katika 4 bakteria waliota kote. Hizo 63 hazisemi lolote kuhusu tofauti ya lishe, hata zingekuwa maelfu. Uamuzi wote ulitegemea sampuli 6 tu, jambo ambalo mwanafunzi hulikubali kwa shida mpaka ahesabu mwenyewe.

Mwaka 1954 alieleza pia jinsi ya kuunganisha matokeo ya makundi mbalimbali ya wagonjwa bila kuyachanganya ovyo. Nathan Mantel na William Haenszel waliendeleza njia hiyo mwaka 1959.

Kamati ya uvutaji sigara

Cochran alikuwa mwanatakwimu pekee kati ya wajumbe 10 wa kamati ya serikali ya Marekani kuhusu sigara na afya. Ronald Fisher, aliyewahi kuongoza takwimu Rothamsted, alikuwa amepinga hadharani kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Kamati ilipitia tafiti 7 zilizofuatilia wanaume zaidi ya milioni 1, na taarifa yake ya Januari 1964 ilionyesha kuwa vifo vya wavutaji vilizidi vya wasiovuta kwa karibu 70%.

Alistaafu Harvard mwaka 1976.