Samuel Insull: Jamaa aliyeshusha bei ya stima, kisha akazama kwenye mikopo

Ukinunua tokeni za stima leo jioni, uchaji simu na kupiga pasi nguo za kesho, ujue kuna jamaa aliyefariki 1938 ambaye hesabu zake bado zinaongoza biashara hiyo. Anaitwa Samuel Insull. Huenda hujawahi kumsikia, lakini kule Chicago, Marekani, kuna wakati kila mtu alimjua. Kwanza walimsifu, baadaye wakamlaani.

Insull alizaliwa London mwaka wa 1859, katika familia ya kipato cha chini. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa karani ofisini. Mwaka wa 1881, akiwa na miaka 21, alivuka bahari hadi New York kuwa katibu wa Thomas Edison. Mwaka uliofuata Edison alifungua kituo cha umeme cha Pearl Street. Edison alikuwa mtu wa kubuni vitu. Insull ndiye aliyeshika daftari la pesa.

Mwaka wa 1892 alihamia Chicago kusimamia kampuni ndogo ya Chicago Edison. Mji huo ulikuwa na zaidi ya kampuni 20 za stima, kila moja na mitambo yake midogo na wateja wachache. Umeme ulikuwa wa mahoteli, maduka makubwa na matajiri. Wengine waliwasha gesi au taa za mafuta.

Kwa nini ilikuwa ghali hivyo? Hebu chukua mfano wa matatu uliyonunua kwa mkopo. Ukibeba abiria asubuhi na jioni tu, kisha uiegeshe mchana kutwa, benki haitakuhurumia. Itabidi abiria wako wachache walipe nauli ya juu. Mtambo wa stima ni vivyo hivyo. Wakati huo hakukuwa na njia ya bei nafuu ya kuhifadhi umeme mwingi, kwa hivyo lazima ujenge mtambo unaotosha saa ile ya matumizi makubwa zaidi. Saa zingine zote unakaa tu, na mkopo unaendelea kudai.

Insull alipata jibu akiwa ziarani Uingereza mwaka wa 1894. Katika mji wa Brighton aliona mita iliyoonyesha kiwango cha juu kabisa ambacho mteja aliwahi kuvuta kwa wakati mmoja. Hapo akapata njia mpya ya kupanga bei: anayetumia stima kwa saa nyingi alipie kila yuniti kidogo.

Kisha akaanza kusaka wateja ambao saa zao hazigongani. Treni za mjini zilihitaji nguvu asubuhi na jioni. Viwanda vilitumia mchana, nyumba zikawasha taa usiku, na watengenezaji wa barafu walikuwa na kazi nyingi msimu wa joto. Mtambo mmoja ukawahudumia wote kwa zamu. Bei ikashuka, wateja wakaongezeka, nayo bei ikashuka tena.

Kwa upande wa uzalishaji, Insull aliweka imani yake kwenye makaa ya mawe na mitambo mikubwa. Mwaka wa 1903 alifungua kituo cha Fisk Street kilichokuwa na turbini ya mvuke ya kilowati 5,000. Hata General Electric, waliomtengenezea, walisita kwanza kwa sababu hawakuwa wamewahi kuunda kubwa kama hiyo. Ilifanya kazi.

Miaka michache baadaye akaingia vijijini, kaskazini mwa Chicago. Huko Lake County, alinunua mitambo midogo ya vijiji, akaizima, na kuunganisha nyaya zao na vituo vikubwa. Watu waliozoea kupata stima jioni tu wakaanza kuipata saa 24. Soko la umeme la eneo zima likawa limezaliwa.

Sasa sikiza vizuri, hapa ndipo mambo yalianza kwenda mrama. Mwaka wa 1912 aliunda Middle West Utilities, kampuni mama iliyomiliki kampuni, ambazo nazo zilimiliki kampuni nyingine. Ilikua hadi ikafika majimbo 32. Pesa zilitoka kwa mikopo na kwa hisa zilizouzwa kwa watu wa kawaida, hata wafanyakazi wake mwenyewe. Ilikuwa vigumu kujua nani anamdai nani.

Uchumi ulipoporomoka kuanzia 1929, Insull aliendelea kukopa. Mwaka wa 1932 jengo lote lilianguka. Taa hazikuzimika, kwani mitambo na nyaya zilikuwa nzima. Kilichopotea ni akiba ya mamia ya maelfu ya watu.

Insull alikimbilia Ufaransa, kisha Ugiriki. Mwaka wa 1934 alikamatwa Istanbul, Uturuki, na kurudishwa Chicago. Alishtakiwa kwa ulaghai, lakini kesi zote ziliisha akiwa huru. Mwaka wa 1935 Marekani ilipitisha sheria ya kuvunja kampuni mama za aina hiyo. Naye alifariki kwa mshtuko wa moyo katika stesheni ya treni mjini Paris, Julai 1938, akiwa na miaka 78.

Leo Chicago iko ndani ya PJM, soko la umeme linalounganisha majimbo 13 na jiji la Washington. Gesi asilia inaongoza, ikifuatwa na nyuklia, kisha makaa ya mawe, upepo na jua.

Nasi tunafuata njia hiyo. Tangu 2022, Kenya inapokea umeme wa maji kutoka Ethiopia kupitia laini inayofika Suswa. Olkaria nayo inatoa umeme wa mvuke wa ardhini hata usiku wa manane, wakati wengi wetu tumelala na tumezima kila kitu.

Kwa hivyo ukisikia tangazo la laini mpya ya kuvuka mpaka, usifurahie megawati peke yake. Uliza mambo mawili: umeme huo utatumiwa na nani saa zile wengine wamelala, na mkopo wa kuijenga umeandikwa kwa jina la nani. Insull alijibu swali la kwanza vizuri ajabu. La pili ndilo lililomwangusha, na waliolipa ni watu waliomwamini na akiba zao.